KUKETI PAMOJA SI KUSEMEZANA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika baraza la jioni. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama wa mikoani ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Katibu wetu alinipa heshima ya kusema nanyi juu ya jambo ambalo kwanza nililidhani dogo. Aliniambia ya kuwa kila mwaka baadhi ya wanachama wetu hupata ruhusa ya masomo, wakaacha meza zao na kwenda vyuo vikuu. Huko huketi darasa moja na vijana wanaolingana na watoto wao, na watu wa dini nyingine na makabila mengine, matajiri kwa maskini, wanawake kwa wanaume. Akaniuliza, je, watu namna hii wawezaje kusemezana hata kila mmoja akamfaa mwenzake? Nikamjibu upesi, kama ilivyo desturi ya mtu asiyefikiri, ya kuwa wakiwekwa chumba kimoja watasemezana wenyewe. Hata nilipofika nyumbani nikakumbuka kisa changu mimi, nikaona haya. Leo nimekuja kulifuta jibu lile.

Neno langu ni moja. Watu wa hali mbalimbali wakikusanywa bila mtu wa kuyatengeneza mazungumzo yao, mwenye sauti huzidi kusema, na asiye na sauti huzidi kunyamaza, na wote hutoka wakidhani wamepatana. Na mzigo wa kuyatengeneza mazungumzo humpasa kwanza yule aliye juu, awe juu kwa umri, au kwa cheo, au kwa lugha, au kwa fedha. Nitalieleza neno hili kwa habari za nchi yetu, kisha kwa kosa langu, kisha kwa maarifa ya watu wengine. Na mwisho nitasema yatupasayo sisi.

Wengi wenu mwajua ya kuwa chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wachache tu wa sheria, katika nyumba ya chama cha TANU mjini. Mwaka 1964 kikahamia kilimani upande wa Ubungo, mahali tupaitapo Mlimani hata leo. Kukaa mlimani si kosa; lakini aliye juu huwaona watu wa chini wadogo, na wa chini humwona wa juu mdogo vile vile.

Mwaka 1966 Serikali ilileta shauri la kuwalazimisha vijana waliosoma kuingia Jeshi la Kujenga Taifa kwa muda wa miaka miwili. Miezi ya kwanza wangekaa kambini. Muda uliobaki wangefanya kazi zao za kawaida wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wakaandamana mpaka Ikulu, wamevaa majoho mekundu ya chuo, wakasoma mbele ya Rais Julius Nyerere barua ya masharti yao. Bango moja lilidai ya kuwa siku za ukoloni zilikuwa afadhali. Rais aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa hasira. Alikiri ya kuwa mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akapunguza wake kwa asilimia 20 papo hapo. Na wanafunzi karibu 400, wa Mlimani na wa vyuo vingine, wakarudishwa makwao siku ile.

Sitaki kuhukumu kesi iliyokwisha zamani. Nataka tutazame namna walivyosemezana. Kila upande ulikuwa na neno la kweli. Wanafunzi waliuliza kwa nini wao wapunguziwe mshahara ilhali wakubwa wanastarehe. Na neno hilo lilikuwa na uzito, maana Rais mwenyewe alilijibu kwa kujikata mshahara. Serikali nayo ilisema ya kuwa msomi amesomeshwa kwa jasho la mkulima, naye ana deni; na hilo nani awezaye kulikana? Lakini maneno haya mawili ya kweli yalikutana mara ya kwanza mlangoni pa Ikulu, saa ya mwisho, moja likiwa limeandikwa kama amri na la pili likajibiwa kama amri. Makarani wenzangu, sisi twajua aina za barua. Ipo barua iombayo jibu, na ipo barua ifungayo jalada. Siku ile zilipelekwa barua za kufunga jalada tupu.

Na liko jambo la tatu, nalo ndilo linisikitishalo zaidi. Pande zote mbili zilisema kwa ajili ya mkulima, au zilimtaja, au zilimwogopa. Mkulima mwenyewe hakuwapo. Alikuwa shambani.

Mazungumzo yalikuja baada ya moto kuwaka. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na mwezi wa Machi mwaka ule ule ukafanywa mkutano pale Mlimani juu ya kazi ya chuo kikuu katika nchi ya kijamaa, walimu na watu wa Serikali wakaketi na kuulizana. Wengi katika vijana waliofukuzwa walirudishwa masomoni baadaye mwaka huo. Haya yote yangaliweza kufanywa kabla ya Oktoba 1966, kwa gharama ya chai na viti.

Habari ya pili ni ya mwezi wa Novemba 1974, TANU ilipokutana Musoma. Iliazimiwa ya kuwa kijana asipande moja kwa moja kutoka shule ya sekondari hata chuo kikuu. Sharti kwanza atumike kazini, apate na sifa njema kutoka kwa wakuu wake. Nia ilikuwa njema sana, nasi makarani tuliifurahia, kwa maana ilitufungulia mlango. Madarasa yakajaa watu wazima waliokwisha kushika jembe, chaki na mihuri. Walakini wasichana wakapungua ghafula. Kwa kuwa msichana aliyekaa kazini miaka miwili au mitatu mara nyingi alikuwa amekwisha olewa na kuzaa, na mlango wa chuo ukafungwa nyuma yake. Haukupita muda mrefu ikalazimu wanawake waondolewe sharti lile. Wanaume walioketi na kupanga hawakuwa wabaya. Ila katika kupanga hawakumwuliza aliyekuwa na habari.

Mimi niliingia chuoni katika siku zile. Nilikuwa nimekwisha kuwa karani wa masjala kwa miaka 12. Sitakitaja chuo, kwa sababu kosa nitakalolisimulia lilikuwa langu mwenyewe.

Mwalimu alitugawa vikundi vya watu watano watano. Katika kikundi chetu tulikuwa wanaume wanne tuliotoka kazini, na msichana mmoja aliyetoka shuleni moja kwa moja. Nikachaguliwa kuwa mwenye kiti kwa sababu nilikuwa nimewazidi wote umri. Siku zile sote tuliitana ndugu, na kwa neno hilo tulijiona tumekwisha kuwa sawa. Swali tulilopewa lilikuwa hili: kwa nini pampu za maji za vijijini huharibika upesi, kisha hukaa bila kutengenezwa? Tukaketi majuma matatu. Bwana shamba alieleza habari za kamati za vijiji, mwingine akaeleza habari za vipuli, nami nikaeleza namna maombi ya fundi yanavyokaa katika majalada, jambo nililolijua sana. Yule msichana alitusalimu kila siku, shikamoo, tukaitika marahaba, na baada ya hapo hakuna aliyemwuliza neno. Kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri, tulimpa kazi ya kuandika tuliyoyasema. Mimi nilijisifu moyoni ya kuwa kikundi changu hakina ugomvi.

Karatasi yetu ilirudi na maneno matatu ya wino mwekundu: Nani huteka maji?

Hapo ndipo tulipomgeukia yule msichana. Kumbe kijijini kwao palikuwa na pampu ya namna ile ile. Ilikuwa imewekwa karibu na afisi ya kijiji, mahali ambapo wageni wataiona, mbali na nyumba za watu. Mpini wake ulikuwa mzito hata watoto hawakuuweza. Na katika kamati ya maji hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Ilipoharibika, wanawake walirudi mtoni wala hawakuona kilichopotea. Jambo zima tulilokuwa tukilitafuta kwa majuma matatu lilikuwa limeketi mezani petu, limeshika kalamu, likiandika tusiyoyajua.

Nikamwuliza, tena kwa ukali kidogo, kwa nini hakusema. Akanijibu kwa adabu: “Hakuna aliyenikataza kusema, Ndugu Mwenye Kiti, lakini hakuna aliyeninyamazia.”

Muhula uliofuata aliomba kuhamia kikundi kingine. Nami sikumwomba radhi. Nilidhani mtu mzima haombi radhi kwa jambo ambalo hakulikusudia. Miaka mingi imepita, na jibu lake limeniongoza katika afisi kuliko kitabu chochote nilichosoma pale. Tangu siku ile najua ya kuwa heshima nayo yaweza kuwa ukuta. Mdogo alinyamaza kwa kuniheshimu, nami nikaipokea heshima yake nisiulize ina nini ndani. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilikisikia kimya, mshindo wake nikausikia baada ya kazi kuharibika.

Sasa mtaniuliza, dawa ni nini? Shida hii si yetu peke yetu, na watu wa nchi nyingine wameitafutia maarifa. Katika Marekani, mwaka 1954, Mahakama ya juu kabisa ya nchi ile iliamua ya kuwa kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Mwaka ule ule Gordon Allport, mwalimu wa elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa kitabu chake juu ya chuki baina ya watu, kiitwacho The Nature of Prejudice. Alionyesha ya kuwa kukutana tu hakuondoi dharau, pengine huizidisha. Alitaja mambo yafaayo kuwapo: wanaokutana wawe na daraja moja katika mkutano ule, wawe na kusudi moja, walifanyie kazi kwa kushirikiana wala si kwa kushindana, na wenye mamlaka waonekane wazi kuukubali mkutano huo. Pimeni kikundi changu kwa mizani hiyo. Kusudi moja tulikuwa nalo. Daraja moja hatukuwa nayo, ijapokuwa tuliitana ndugu.

Katika Chuo Kikuu cha Michigan, nchi ile ile, palitokea mwishoni mwa miaka ya 1980 matusi na fitina za rangi baina ya wanafunzi. Basi mwaka 1988 chuo kikaanzisha mafunzo ya mazungumzo baina ya makundi. Utaratibu wao ni huu. Huketi watu wachache, nusu wa upande huu na nusu wa upande ule, kila juma kwa muda wa muhula. Viongozi huwa wawili, mmoja wa kila upande, nao hufundishwa kazi hiyo kwanza. Hawaanzi na jambo gumu. Kwanza hujuana na kuwekeana masharti ya kusemezana. Pili hueleza tofauti zao na yale wanayofanana. Tatu ndipo huingia katika mambo yenye moto. Na nne hushauriana watafanya nini pamoja. Baadaye vyuo vikuu 9 vya huko vilishirikiana kuupima utaratibu huo, wakawagawa kwa bahati nasibu wanafunzi walioomba, wengine wakaingia na wengine wakabaki nje, kisha wakawalinganisha. Matokeo yalichapishwa katika kitabu mwaka 2013: walioingia waliwafahamu zaidi watu wa upande wa pili, wakawa tayari zaidi kutenda nao, na faida hiyo ilikuwa bado inaonekana baada ya mwaka mmoja.

Msidhani nawaletea mambo ya kigeni tuyavae kama kofia ya kuazima. Baraza zetu zilijua zamani ya kuwa shauri lina utaratibu wake. Tulilolisahau ni kwamba utaratibu ule ulikuwa wa watu waliojuana tangu utoto, na chuo kikuu ni mahali pa wasiojuana. Kwa hiyo yafaa tuuandike upya. Nami nawapa mambo manne, kwa ajili ya kila mwanachama atakayekwenda masomoni, na kwa kila atakayeongoza kikundi huko.

Kwanza, tenga mdahalo na mazungumzo. Katika mdahalo mmoja hushinda, na huo una siku yake. Katika mazungumzo, kabla hujamjibu mwenzako, yarudie aliyosema mpaka yeye akubali ya kuwa umemsikia. Utaona ni kazi ngumu kuliko kujibu.

Pili, mkubwa asiseme kwanza. Mwenye kiti azunguke meza, kila mtu apate zamu yake, akianza na mdogo; na mtu akitaka kupita, apite, lakini zamu imrudie tena. Msimpe mtu mmoja kalamu siku zote, maana mwenye kalamu hana nafasi ya kusema. Kalamu nayo izunguke.

Tatu, tazameni habari ya lugha. Masomo ya chuo kikuu kwetu ni kwa Kiingereza. Aliyetoka shule ya gharama hukisema kama maji, na aliyetoka shule ya kata hukipanga moyoni kwanza, na kabla hajamaliza kukipanga shauri limekwisha pita. Watu humdhania hana akili, kumbe hana kasi. Kikundi kishauriane kwanza kwa Kiswahili, kisha waandike kwa Kiingereza kama chuo kitakavyo. Hakuna sheria inayokataza kufikiri kwa lugha ya mama.

Nne, ulizeni nani hayupo. Kama mnasema juu ya mkulima, juu ya kipofu, juu ya mama anayelea mtoto huku anasoma, tazameni kama yupo mmoja wao mezani. Kama yupo, asifanywe mjumbe wa wote walio kama yeye, aseme yake. Kama hayupo, andikeni katika karatasi yenu ya kuwa hamkumwuliza, ili msomaji ajue mpaka wa maarifa yenu.

Najua baadhi ya wazee walioketi mbele wananung'unika ya kuwa maneno haya yatavunja adabu. Wanasema, mtoto akianza kusema kwanza, kesho hatatusalimu. Nawajibu kwa heshima zote. Shikamoo ibaki mlangoni pale pale ilipo, wala sitaki iondolewe. Lakini tukiisha kuingia ndani, neno lipimwe kwa uzito wake, si kwa mvi za aliyelisema. Imesemwa, penye wazee haliharibiki neno. Mimi nilikuwa mzee wa meza ile, na neno liliharibika mbele yangu, kwa kuwa uzee wangu ulikuwa wa mdomo tu.

Tena Chama kama hiki chetu kina asili ya jambo hili. Mwaka 1922, katika mji wa Tanga, makarani na walimu wa Tanganyika waliunda Chama cha Watumishi wa Serikali Waafrika, Martin Kayamba akiwa kiongozi wao. Katika siku ambazo watu walipangwa kwa kabila na kwa dini, wao waliketi Waislamu na Wakristo, watu wa pwani na wa bara, katika nyumba moja. Hawakuwa na chuo kikuu. Ila jambo ambalo vyuo vikuu hulihangaikia leo, wao walilijaribu kwa viti vya mbao na taa ya mafuta.

Basi, Bwana Rais, naomba Chama kiazimie mambo mawili. La kwanza, kabla mwanachama hajakwenda masomoni, akutanishwe jioni moja na wawili waliokwisha kurudi, mwanamume na mwanamke, wamweleze kwa kweli yaliyowapata madarasani, siyo ushindi wao tu. La pili, katika baraza hizi zetu za jioni, kuanzia mwezi ujao, tuanze na karani mdogo kabisa aliyemo chumbani, na wakuu wa afisi wangoje. Tukishindwa sisi kwa sisi, hatuna haki ya kuwafundisha vijana wa vyuo.

Kama yule msichana wa kikundi chetu yu hai, atakuwa bibi mwenye wajukuu. Sijui kama karatasi hii itamfikia. Ikimfikia, na asome hapa neno ambalo lilinipasa kumwambia zamani: nisamehe, dada yangu.

Nami sasa nanyamaza. Nasikia ya kuwa karani mgeni wa masjala yupo nyuma kule karibu na mlango, na huu ni mwezi wake wa kwanza kazini. Bwana Rais, naomba apewe yeye kusema kwanza.